Mbayuwayu na Teleka wa Kiambaza

Katika nchi ya Kiambaza mtu hatazami juu. Hakuna anayekumbuka katazo hilo lilianza lini, lakini kila mtu anajua sababu yake: anayetazama juu kuna kitu anakisubiri, na anayesubiri kitu kuna mtu aliyemwahidi. Kwa hiyo wenyeji huvaa kofia za ukili zenye ukingo mpana ulioinamishwa mbele, na mgeni hupewa ya kwake langoni, pamoja na karatasi ya kuandika majina ya watu watakaothibitisha kwamba hakutumwa.

Nakijwa aliandika jina moja tu, la mdogo wake Senkondo. Askari wa lango akalisoma mara mbili.

"Huyu amekufa," alisema.

"Ndiyo. Nimekuja kumzika."

"Basi hawezi kuthibitisha chochote."

"Hawezi."

Askari alifikiri kidogo, kisha akagonga mhuri. Marehemu, alieleza, ni shahidi asiyebadilisha maneno, na Kiambaza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mashahidi wa aina hiyo.

Senkondo alikuwa fundi lipu. Alikwenda Kiambaza kwa sababu kazi ya lipu huko haiishi. Watu wa nchi ile wanapenda kuta laini kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa ufa kwao ni mahali pa kusikilizia. Alikaa miaka mitatu. Kisha ikaja barua ya mistari minne: fundi ameanguka kutoka jukwaa la ujenzi mbele ya Baraza, amefariki papo hapo, mwili umehifadhiwa, ndugu mmoja afike ndani ya siku saba kwa ajili ya ulinganisho. Nakijwa hakuelewa neno hilo la mwisho. Mama yao, ambaye magoti yalikuwa yamemkatalia safari, hakuliuliza hata kidogo. Alisema jambo moja tu: "Uhakikishe jina lake limeandikwa. Nikiulizwa mwanangu amelala wapi, nisiwe na jibu la kubabaisha."

Hilo ndilo Nakijwa alilolifuata Kiambaza, wala hakuwa na jingine.

Akapangiwa kulala kwa Bi Siwema, mjane mnene mwenye sauti ya upole, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea wageni na kuandika walichokula na walichobakiza.

"Hujambo, dada?" Nakijwa alimsalimu mlangoni.

"Unauliza kwa nini?" alijibu Bi Siwema.

Ilimchukua Nakijwa siku nzima kutambua kwamba hilo ndilo jibu la adabu, na kwamba anayejibu "sijambo" moja kwa moja huhesabiwa kuwa amejiandaa.

Asubuhi, Bi Siwema akimenya muhogo barazani, alimweleza Sheria ya Ndege Wawili. Kiambaza kuna ndege wengi lakini sheria inawatambua wawili tu, mbayuwayu na teleka. Mbayuwayu ni ndege wa nchi. Huchota tope la hapa hapa, hujenga kibakuli chake chini ya paa la mtu, na jioni hujipanga wayani na wenzake mahali anapoweza kuhesabika. Teleka hakai wayani. Hakai mtini wala ardhini. Hula angani, hunywa akipita, na wapo wanaosema hata usingizi hulala huko huko juu, akizunguka.

"Ndege asiyetaka kukaa chini," alisema Bi Siwema, "anaogopa kuulizwa nini?"

Nakijwa aliwajua ndege hao wote wawili. Kwao, milimani Upareni, watu wengi wakiwaona huwaita wote mbayuwayu na kuendelea na kazi zao. Ni Senkondo aliyezoea kumrekebisha. Miaka yote ile juu ya majukwaa, usawa wa paa, alikuwa amewatazama kwa karibu, akasema si wa ukoo mmoja kabisa. Wamefanana kwa sababu wanafanya kazi moja, ya kukamata wadudu hewani, kama mafundi lipu wawili wasiojuana wanavyofanana mabega.

"Lakini mbayuwayu naye huondoka," Nakijwa alisema. "Kila mwaka kuna miezi humwoni."

Bi Siwema aliacha kumenya. "Mbayuwayu husafiri," alisema. "Teleka hutoroka."

Kisha akamweleza kilichobaki, bila kubadilisha sauti. Mtu akifa kazini, huulizwa alikuwa upande wa ndege gani. Wa mbayuwayu huzikwa ndani ya ukuta wa mji na kuwekewa jiwe, juu yake jina lake na kazi aliyokuwa akiifanya mauti yalipomkuta. Wa teleka huzikwa nje ya ukuta, bila jiwe, na tangu siku hiyo jina lake halitajwi. Kumtaja marehemu wa namna hiyo ni kumwita, na anayeita kuna anayemtarajia.

"Na mdogo wangu?"

"Ukuta wa Baraza alikoanguka una tundu, mama. Ndani ya tundu mna kiota. Wanalinganisha."

*

Ulinganisho ulifanyika uani kwa Baraza, uwanja mpana uliopakwa chokaa nyeupe mithili ya karatasi. Kwa kuwa haikuruhusiwa kutazama juu, ndege walilinganishwa kwa vivuli vyao vilipopita sakafuni. Walikaa pale maofisa wawili, nyuso zimeinama: Bwana Hadhari, Mlinganishi wa Vivuli, mwembamba, mwenye kalamu sikioni, na Bwana Marijani, Mlinganishi wa Kinyesi, ambaye mbele yake palikuwa na kisahani kilichofunikwa. Kati yao alikaa karani. Nakijwa alipewa kigoda pembeni, Bi Siwema nyuma yake.

Kivuli kilipita upesi.

"Hicho," alisema Bwana Hadhari. "Bawa kama mundu. Teleka."

"Saa nne asubuhi kila bawa ni mundu," alisema Bwana Marijani. "Hata kunguru."

"Unamtetea teleka, bwana?"

"Natetea saa nne."

Karani akaandika yote mawili. Bwana Marijani akafunua kisahani chake, akakisogeza katikati kwa uangalifu mkubwa. "Waheshimiwa, hiki kimeokotwa chini ya tundu. Chote kimeanguka mahali pamoja. Hiki ni kinyesi cha mkaazi."

"Na kama teleka alipita mara nyingi?"

"Apite mara nyingi mahali pamoja? Huyo si teleka tena, bwana. Huyo ni jirani."

Waliendelea hivyo mpaka jua likawa la utosi na vivuli vikafifia. Nakijwa alivumilia. Lakini aliwaza pia kwamba mwili wa mdogo wake ulikuwa mahali fulani umbali wa hatua chache ukingoja kisahani. Mwishowe akasema, kwa sauti ya kawaida, "Kwa nini mtu asipande ngazi akatazame?"

Kalamu ya karani ikasimama.

"Nani amekwambia uulize hivyo?" alisema Bwana Hadhari polepole.

"Hakuna."

"Karani, andika: anasema hakuna."

Wakanong'onezana kwa muda mrefu. Hatimaye Bwana Marijani akatangaza uamuzi. Hakuna raia wa Kiambaza aliyeweza kupanda kutazama kiota, maana angeshuka akiwa mtu aliyetazama juu. Lakini mgeni huyu alikuwa anashukiwa tangu langoni. "Tayari unashukiwa, mama," alimwambia, kwa upole wa kweli kabisa. "Kutazama hakutakuongezea kitu."

Akaandikiwa kibali cha kutazama, cha robo saa. Bi Siwema ndiye aliyetumwa kushika ngazi. Walipokuwa wawili tu chini ya ukuta, aliinamisha kofia yake zaidi, akasema bila kusogeza midomo, "Ukishuka, sema mbayuwayu."

"Hata nikiona kingine?"

"Nyumba yangu ina kiota. Mwaka wa kumi na mbili huu nimeandikishwa mbayuwayu. Mtaa mzima tumeandikishwa mbayuwayu."

"Na ni mbayuwayu?"

"Sijawahi kutazama," alisema Bi Siwema.

Nakijwa alimtazama mikono. Ilikuwa imeshika ngazi vizuri. Lakini mikono hiyo hiyo ndiyo iliyoandika kila usiku vipande vya muhogo alivyobakiza, na mtu hawezi kujua neno la namna ile limetoka kwa huruma au limetumwa kuchungulia. Akapanda.

Tundu lilikuwa usawa wa ghorofa ya pili, kubwa kiasi cha kupitisha ngumi. Alisogeza uso. Hapakuwa na tope ndani. Kiota kilikuwa cha manyoya na nyasi kavu, vimegandishwa kwa mate yaliyokauka yakang'aa kama gundi. Vifaranga viwili, vyeusi, vilijibana kwenye ukuta wa ndani kwa vijiguu vifupi mno, vidole vyote vikielekea mbele, kama mtu aliyening'inia dirishani. Hapakuwa na haja ya kulinganisha. Hao walikuwa teleka.

Angeweza kushuka hapo hapo. Kilichomzuia ni ukingo wa tundu. Lipu pale ilikuwa mpya, ya fundi mwingine au ya Senkondo mwenyewe siku ya kwanza, ikiwa nene na ngumu. Na tundu halikuachwa wakati lipu inapigwa, bali lilikuwa limekatwa baadaye, kutoka nje, kwa mwiko. Vumbi la mkato lilikuwa bado juu ya ubao wa jukwaa uliosahauliwa pale. Halafu ukingo mzima ulikuwa umelowanishwa na kulainishwa kwa kidole gumba, pande zote, ili manyoya yasikwaruzwe. Dirisha la jiko la mama yao lina ukingo wa namna hiyo. Senkondo hakuwahi kumaliza kazi kwa mwiko. Alimaliza kwa kidole.

Kwa hiyo tundu lilikuwa limezibwa, vifaranga wakiwa ndani. Na mdogo wake alirudi juu kulizibua, akalizibua, akalilainisha, kisha akaanguka.

Mzazi wa ndege wale alipita karibu na sikio lake na mlio mkali, akajibandika ukutani, akaingia. Nakijwa alikaa pale juu mpaka Bi Siwema alipogonga ngazi kumkumbusha robo saa.

*

Uani zilikuwa zimewekwa karatasi mbili mezani, moja nyeupe na moja ya kijivu. Bwana Hadhari akazisoma kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba.

Nyeupe: kiota ni cha mbayuwayu. Fundi hana hatia. Atazikwa ndani ya ukuta leo alasiri, na jiwe lake litaandikwa, *Senkondo, fundi, alikufa akiziba tundu.*

"Na tundu lenyewe?" aliuliza Nakijwa.

"Litazibwa sasa hivi. Faili litakuwa limefungwa."

"Na vifaranga?"

"Vifaranga gani? Kisheria, kiota cha mbayuwayu kiko chini ya paa. Kwa hiyo ndani ya tundu hamna kitu."

Ya kijivu: kiota ni cha teleka, na fundi alikuwa mfichaji. Atazikwa nje, bila jiwe wala jina. Kiota kitakuwa kielelezo katika shauri la kuficha, na kielelezo hakiguswi na mkono wa mtu mpaka shauri liishe. Shauri la mwisho la namna hiyo, karani alikumbusha, lilikuwa limetimiza mwaka wa kumi na tisa, na bado lilikuwa likisubiri kusikilizwa.

Nakijwa alitazama karatasi nyeupe. Jina lilikuwa limeshaandikwa pale kwa wino, herufi zote sahihi. Aliona kidole cha Bwana Hadhari kikiisukuma karatasi ile kuelekea kwake, kidogo sana, labda upana wa kucha. Je, mtu huyu alikuwa anamhurumia, au alikuwa anapima kama ataingia mtegoni? Uso wake ulikuwa chini ya kofia.

"Mtu akisema uongo hapa," aliuliza Nakijwa, "mnamfanya nini?"

"Tutajuaje?" alisema Bwana Marijani.

Bwana Hadhari alimgeukia mwenzake, na Bwana Marijani akarudi kwenye kisahani chake.

Nakijwa aliifikiria safari ya kurudi, na mama yake amekaa ukumbini akisubiri. Ingekuwa rahisi kumwambia: lipo jiwe, lipo jina, lipo mahali. Mama angelala. Lakini chini ya jina lile kungekuwa na kifo cha mtu mwingine, mtu aliyeziba, na mdogo wake angebaki pale miaka yote akisingiziwa kazi aliyokufa akiitengua. Na baada ya saa moja fundi mwingine angepanda na karai la lipu.

"Ni teleka," alisema.

Bwana Marijani akashusha pumzi.

"Rudia," alisema karani.

"Ni teleka. Ana vifaranga viwili. Tundu lilikuwa limezibwa, na mdogo wangu alilizibua."

Hawakukasirika. Walionekana zaidi kama watu walioletewa mzigo ambao hawakuuagiza. Bwana Hadhari alimwuliza anafanya kazi na nani. Akamwuliza tena kwa maneno mengine. Akauliza kama huko kwao teleka wana ofisi. Kila mara Nakijwa alipojibu hapana, wote watatu walizidi kuinama.

"Mtu hasemi neno la kumdhuru bila faida," Bwana Hadhari alihitimisha. "Karani, andika: faida bado haijajulikana."

Akatia sahihi karatasi ya kijivu. Kabla Nakijwa hajafika kwenye geti la uani, walikuwa wameshafunga kamba nyekundu chini ya ukuta, na askari mmoja amewekwa hapo, mgongo kwa tundu, kuhakikisha kwamba hakuna mkono wa mtu utakaokigusa kielelezo. Juu ya kofia yake teleka aliingia na kutoka.

Bi Siwema alimsindikiza hadi njia panda. Hakusema kama alifanya vizuri au vibaya. Aliuliza tu, "Vilikuwa viwili?"

"Viwili."

"Nitaandika kwamba hukubakiza chakula," alisema, akageuka.

*

Nje ya ukuta ni uwanda wa majani mafupi usio na alama yoyote. Wabebaji waliushusha mwili, wakaondoka haraka bila kugeuka nyuma. Akabaki mchimbaji, Feruzi, mwanamume wa makamo, kichwa wazi, kwani sheria ya kofia huishia langoni. Kwa kiapo cha kazi yake alipaswa kuripoti iwapo jina la marehemu litatajwa, na alimwambia Nakijwa hivyo mapema, kama mtu anayemwonyesha mgeni ngazi iliyovunjika.

Lakini alikuwa msemaji. "Umebahatika, dada," alisema akipiga sururu. "Huku udongo laini. Kule ndani ni mwamba mtupu. Wale wenye majina tunawazika juu juu, mvua mbili tatu unawaona magoti."

Nakijwa hakucheka, ila alitulia kidogo. Walimshusha pamoja, yeye upande wa kichwa. Alitupa udongo wa kwanza kwa mkono. Midomo yake ilitaka kulitaja jina, akaifunga. Feruzi alikuwa ameegemea koleo, akimtazama, na haikuwezekana kujua kama anamsubiri amalize au anamsubiri akosee.

Kaburi lilipojaa, Feruzi alilisawazisha mpaka likalingana na uwanda. Kisha akajinyoosha mgongo, akatazama juu. Alifanya hivyo vibaya, kwa kubana macho na mdomo wazi, kama mtu ambaye shingo yake haijazoea.

"Wale ndio wenyewe?" aliuliza.

Angani walikuwepo wengi, wakikata huku na huku juu ya majani.

"Wote wawili wapo."

"Mimi naona aina moja."

"Tazama bawa," alisema Nakijwa. "Yule anayepiga, anapumzika, anapinda, mkia wake una panda, ni mbayuwayu. Yule mwenye bawa refu, jembamba, limekakamaa kama mundu, anayepita moja kwa moja, ni teleka."

Feruzi aliwafuata kwa kidole. "Teleka."

"Huyo mbayuwayu."

"Yule, basi. Wa juu."

"Huyo teleka."

"Na yule. Teleka. Yule, mbayuwayu. Yule..." Akawatazama kwa muda, kidole kikiwa bado hewani. Alikuwa na macho mazuri. Baada ya hapo hakukosea tena. "Kumbe hawafanani kabisa," alisema. "Haya umeyajulia wapi?"

"Nilifundishwa."

"Na nani?"

Nakijwa alimgeukia. Lilikuwa swali juu ya ndege. Liliweza pia kuwa lile alilotumwa kuliuliza. Alitafuta usoni mwa mtu yule kitu cha kumwonya au cha kumpa moyo, na hakuona chochote. Feruzi alikuwa bado anatazama juu.

"Na Senkondo," alisema.

Mchimbaji aliitikia kwa kichwa taratibu, macho yake yakimfuata ndege mmoja mpaka akapotea upande wa ukuta.

"Huyo Senkondo," alisema, "alikuwa anajua kutazama."